Daftari la Wageni

Jina la Makini alipewa na wenzake ofisini, na wallahi hakuna jina lililowahi kupotea njia kama lile. Walimwita hivyo kwa sababu daftari lilijaa saini zake. Na saini zenyewe, niseme mapema tusizungushane, zilikuwa uongo mtupu, zote kumi na saba.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na kazi yao ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Sasa, mwandika programu haandiki kila kitu mwenyewe, angezeeka kabla hajamaliza. Akitaka kalenda, anachukua kalenda ambayo mtu mwingine huko duniani ameshaiandika na kuiweka mtandaoni kwa yeyote anayeitaka. Akitaka kuchora jedwali, vivyo hivyo. Vipande hivyo wenyewe wanaviita maktaba. Zamani programu yao ilikuwa inazifuata maktaba huko huko mtandaoni kila ilipojengwa, yaani vipande vyote vilipounganishwa kuwa kitu kimoja, mpaka siku moja mwenye maktaba fulani, mtu wasiyemjua hata kwa sura, akaamka na hasira zake akaifuta. Asubuhi hiyo programu ikagoma kujengwa katakata. Mteja alikaa kwenye kiti cha wageni saa nne nzima akinyweshwa chai mpaka akaomba aonyeshwe choo mara tatu.

Hapo ndipo Shangazi alipotoa amri. Shangazi alikuwa mwenye ofisi. Hakuwa na undugu na mtu yeyote mle ndani, ila alikuwa na ile namna ya kukuangalia juu ya miwani inayokufanya ukumbuke makosa yako ya utotoni, basi jina likamkaa.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna kwenda kugonga mlango wa jirani kila tukitaka chumvi. Kila maktaba tunayoitumia tunainakili yote, tunaileta ndani, tunajenga nayo ikiwa humu humu kwetu. Lakini mgeni halali kwangu kabla hajasomwa. Mstari kwa mstari."

Akanunua daftari jeusi la jalada gumu, akaandika juu yake Daftari la Wageni. Ndani akapiga mistari: jina la mgeni, katoka wapi, toleo la ngapi, nani kamsoma, saini, na mwisho safu ya mabadiliko na sababu yake. Chini ya ukurasa wa kwanza akaandika kwa wino mwekundu kwamba atakayesaini bila kusoma atafungasha virago siku hiyo hiyo. Mmoja alikuwa ameshafungasha, yule mwenye ndevu. Alibanwa kwa swali moja tu, akaondoka na kikombe chake mkononi.

Makini alilijua hilo vizuri sana. Lakini jamani, mmeshawahi kusoma msimbo wa mtu mwingine, ile mistari inayounda programu? Ni kama kusikiliza mtu akikusimulia ndoto yake kuanzia mwanzo, na ndoto yenyewe ina mistari elfu thelathini na mbili. Hiyo ilikuwa idadi ya mistari ya Kalenda ya Kobe. Kobe ni jina alilojipa mwandishi wake mtandaoni, na kalenda yake ilikuwa safi, ya Kiswahili, inajua sikukuu zote na kuhesabu saa kama watu wanavyozihesabu. Makini aliifungua, akaweka kidole kwenye gurudumu la kipanya, akaiteremsha kuanzia juu mpaka chini huku akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kazi ile ilimchukua kikombe kimoja cha chai, na chai yenyewe haikuwa ya moto. Kisha akasaini, saini ndefu yenye mkia.

Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya mkasa wenyewe. Mwezi mmoja baadaye akagombana na mama yake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa printa. Mama yake alishawatangazia ukoo mzima kwamba mwanawe anafanya kazi za kompyuta, na ukoo ukaelewa kwamba anatengeneza chochote chenye waya. Akaletewa pasi, akaletewa redio, akaletewa feni isiyo na mapanga. Siku ya kikao cha familia, mbele ya wakwe, mama akaingia amekumbatia printa ya baba mdogo wa Makini, inakwama karatasi. Makini akashindwa kujizuia.

"Mama, mimi si fundi wa makorokoro yenu! Kwani hata hujui kazi yangu ni nini?"

Mama akasimama na printa yake. "Sijui," akasema. "Hujawahi kuniambia."

Akaondoka nayo vile vile, ameipakata. Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Makini alisubiri mama apige kwanza, maana yeye ndiye aliyeaibishwa. Mama naye alisubiri hivyo hivyo, kwa sababu hiyo hiyo. Na tuseme ukweli, ilimuuma. Kila Jumapili jioni, saa yao ya kuzungumza, alikuwa akiitazama simu kisha anaifunika kifudifudi.

Haya. Ikafika siku ya kukabidhi kazi hospitali.

Programu ilikuwa ya foleni. Mgonjwa anapewa namba mapokezi, skrini kubwa iliyotundikwa juu ya dirisha la dawa inamwita, anaingia chumba namba moja au mbili, anamalizia dirishani. Kabla ya hapo walikuwa wanatumia vibati vilivyochongwa namba, na kibati namba tisa kilishapotea, kwa hiyo mgonjwa wa tisa kila siku alipewa cha sita kilichogeuzwa, na ugomvi haukuisha. Wa kuipokea programu alikuwa metroni, mkuu wa wauguzi, na alisema wazi: ataitazama ikifanya kazi tangu asubuhi, na saa sita kamili atasaini au hatasaini. Asiposaini, kompyuta zinarudi kwenye maboksi, vibati vinarudi mezani.

Metroni huyo alikuwa na miaka thelathini wodini na kanuni moja: dawa isiyomezwa mbele yake haijamezwa.

Makini alikaa kwenye meza ndogo pembeni ya mapokezi, mbele ya kompyuta kuu, ile inayotoa namba kwa nyingine zote. Shangazi alikaa benchi la mwisho, mkoba mapajani. Namba moja akaitwa, akaenda. Namba tano, namba tisa, tena tisa halisi, watu wakapiga makofi. Mpaka namba kumi na tatu mambo yalikuwa bambam, na Makini alishaanza kufikiria atavaa shati gani kwenye sherehe ya ofisi.

Saa nne kamili skrini ikawa nyeupe. Kisha yakatokea maandishi makubwa, yanasomeka mpaka mlangoni:

*Leo ni siku ya kuzaliwa ya mama yangu. Kabla hujaendelea, mpigie wako.*

Chini yake vitufe viwili. Kimoja: *Nimeshampigia.* Kingine: *Bado.*

Ebo! Ukumbi mzima ukainua vichwa kusoma. Makini akageuka haraka, akaona maneno yale yale kwenye kompyuta ya mapokezi, na kwenye yake pia. Kutoka chumba namba mbili daktari akatoa kichwa. "Hii ni ya kwenu au ni virusi?"

Karani wa mapokezi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba na moyo mweupe kupita kiasi, alikuwa ameshabonyeza. Alibonyeza *Bado*. Kompyuta ikamjibu: *Sawa. Tunasubiri.*

"Inasubiri nini?" metroni akauliza.

"Inasubiri nimpigie mama."

Makini akamwinamia karani sikioni. "Bonyeza tu kile kingine, dada."

"Abonyeze nini?" Metroni alikuwa na masikio ya mtu aliyezoea kusikia drip ikiisha chumba cha tatu.

"Kile cha nimeshampigia."

"Kwani kampigia?"

"Hapana, lakini kompyuta haijui."

"Mimi najua," metroni akasema. "Hapa mtu akiandika kwamba sindano imechomwa na haijachomwa, tunazika. Sitaki hospitalini kwangu kitufe kinachobonyezwa kwa uongo, hata siku ya kwanza. Mama, mpigie mama yako."

Karani akapiga. Ikapokelewa hapo hapo, na watu wote wakasikia sauti ikiuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa, mama, nakusalimia tu. Unanisalimia Jumanne? Una nini? Ikachukua dakika tatu kumshawishi kwamba hakuna msiba. Akabonyeza, kompyuta yake ikafunguka. Mfamasia naye akapiga, akakaripiwa kuhusu nywele zake. Daktari wa chumba namba moja alipokea orodha ya maumivu ya magoti, akaandika dawa papo hapo. Yule wa chumba namba mbili alisema ana kazi nyingi. Metroni akamtazama tu, daktari akatoa simu.

Na wagonjwa nao wakaanza, maana skrini ilikuwa imewaambia wote. Benchi zima likawa na simu masikioni, huyu anacheka, huyu anapiga kelele kwa kuwa mama yake hasikii vizuri, mwingine anasema ndiyo mama, nimevaa sweta. Mzee mwenye namba kumi na nne akainua mkono kama yuko darasani.

"Na sisi ambao mama zetu walishatangulia?"

Metroni akafikiri kidogo. "Nani mwingine anakuita mtoto?"

"Dada yangu. Ana miaka themanini na mbili."

"Mpigie huyo."

Mzee akampigia, na hakuzungumza sana, alisikiliza tu huku akijifuta macho.

Ikabaki kompyuta moja, ile kuu. Bila hiyo namba kumi na nne haitoki. Makini alikuwa amekaa mbele yake, kipanya mkononi, mshale uko juu kabisa ya *Nimeshampigia*. Nyuma yake alisikia harufu ya dawa ya kunawia mikono, akajua metroni amesimama hapo. Kisha akasikia viatu vya Shangazi.

"Ni mgeni gani huyu?" Shangazi akauliza polepole.

"Kalenda ya Kobe."

Shangazi akafungua mkoba. Siku za kukabidhi kazi alikuwa anatembea na daftari. Akalifungua ukurasa wenyewe, akaliweka mezani kando ya kipanya, na ile saini ikamtazama Makini, na mkia wake wote.

"Umemkaribisha bwana huyu ndani na mama yake," Shangazi akasema. "Sawa. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Ulisoma?"

Hapo Makini alikuwa na uongo wa aina tatu, wote tayari. Angeweza kusema alisoma ila mstari huo ulimponyoka. Angeweza kusema alisoma, aliuona, akadhani ni mzaha usio na madhara. Angeweza kusema Kobe aliuongeza baadaye, jambo lisilowezekana, maana sababu ya kunakili ni hiyo hiyo, kwamba hakuna mtu wa nje atakayeugusa tena. Kinywa kikafunguka. Yule mwenye ndevu na kikombe chake akampita kichwani.

"Namba kumi na nne anasubiri," metroni akasema.

Makini akaachia kipanya, akatoa simu. Akaitafuta namba ambayo hakuigusa miezi saba. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tano.

"Nani?" Sauti ya mama, kavu.

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Ninaye mmoja tu wa kiume," mama akasema, "lakini huyo yuko kazini saa hizi, na hana muda na watu wa makorokoro."

Benchi zima likaguna. Simu ya Makini, ambayo ilikuwa haisikiki akiwa sokoni, siku hiyo ilikuwa inasikika mpaka dirisha la dawa.

"Mama, nilikukosea. Nilikupayukia mbele za watu. Nisamehe."

Mama akauliza: "Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Bado?"

"Labda saa sita." Akameza mate. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. "Nilisaini kwamba nimesoma kitu, mama. Sikusoma. Nimesaini hivyo mara kumi na saba, na sijasoma hata kimoja."

Akalisema hivyo hivyo, kwa mama yake, na Shangazi amesimama juu ya bega lake anasikia kila neno. Ajabu ni kwamba alijisikia nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Hilo nalijua tangu uko darasa la tatu," mama akasema. "Ulikuwa unafunua kurasa nikipita. Mpe simu huyo bosi wako."

"Mama, si lazima..."

"Mpe."

Shangazi akapokea simu. Watu wa ofisi hawangeamini wangeambiwa, lakini wagonjwa ishirini na wawili ni mashahidi: Shangazi alisimama wima, akavua miwani. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Hapana, mama, si mvivu, ni mjanja kupita kiasi. Kumbe? Tangu darasa la tatu? Ndiyo, mama. Itakuwa hivyo." Akarudisha simu.

"Bonyeza," akamwambia Makini.

Makini akabonyeza. *Nimeshampigia.* Skrini ikafunguka, ikamwita namba kumi na nne, na mzee akanyanyuka akiwa bado anaongea na dada yake. Saa sita kamili metroni akasaini karatasi yake. Akasema mashine inayomkatalia mtu kudanganya hajawahi kuletewa tangu aajiriwe, ila huo mstari uondolewe kabla ya mwaka mwingine, maana mgonjwa wa pumu hawezi kusubiri mama wa daktari amalize habari za magoti.

Nje, kwenye ngazi, Shangazi akasimama. "Kwa kanuni yangu, leo ungefungasha."

"Najua, Shangazi."

"Lakini umesema mwenyewe, japo umemwambia mtu mwingine. Kwa hiyo utasoma. Wageni wote kumi na saba, upya. Na mama yako anasema wewe ukisoma kimya unafunua kurasa tu. Utasoma kwa sauti. Kila Jumamosi, kwake, na yeye atasaini kwamba amesikia."

"Shangazi, mama hajui msimbo ni kitu gani!"

"Ndiyo maana yeye hataruka chochote."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ya kwanza Makini alifika na kompyuta begani, akakuta printa ya baba mdogo imeshawekwa mezani, imefutwa vumbi, inamngoja. Aliifungua, akakuta ndani kuna kifungo cha shati, akakitoa, printa ikafanya kazi. Mama akakichukua kile kifungo, akakiangalia, akakishona kwenye shati lililokuwa mapajani pake.

Kisha Makini akasoma. Jamani, alisoma! Mabano, nukta mkato, mwezi sawasawa na mbili, kama mwaka unagawanyika kwa nne. Mama alishona huku akisikiliza, na kila alipohisi mwanawe ameongeza mwendo alisema, "Rudi nyuma, hapo umeruka." Na kweli alikuwa ameruka. Wakati mwingine aliuliza. Kwa nini Februari inamsumbua hivyo huyu bwana? Makini akamweleza. Akaeleza tena, na tena, na jioni ya Jumamosi ya tatu mama alimsikia dada yake kwenye simu akilalamikia pasi, akamjibu, "Mwanangu hatengenezi pasi. Anakagua vya watu kabla havijaingia ndani."

Jumamosi ya sita walifika mstari wa elfu thelathini na moja mia nane na sita. Makini akautambua, tarehe na saa nne asubuhi, akawa tayari kuufuta. Juu yake kulikuwa na maandishi ya kawaida, yale ambayo kompyuta huyaruka na ni binadamu tu anayeyasoma.

"Soma," mama akasema. "Umenyamaza."

Akasoma. "'Alizaliwa saa nne asubuhi, ndivyo alivyokuwa akituambia. Niliandika mstari huu kumfurahisha, akacheka siku nzima. Ametutoka mwezi wa tatu. Nimejaribu kuufuta mara nne nimeshindwa. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unaweza, ufute kwako. Mimi niachie.'"

Sindano ya mama ikasimama. Nje mtu alikuwa anaita mtoto aje kuoga.

"Kumbe kazi yako ndiyo hii," mama akasema. "Kusoma barua za watu."

"Nyingi si barua, mama."

"Hii ni barua. Na watu wangapi wameichukua hiyo kalenda wasiione?"

Makini alimsogelea mama yake, akakaa naye kwenye mkeka mpaka mama akamaliza kushona. Ndipo alipoufuta mstari, kwenye nakala yao tu, akajenga programu upya pale pale sebuleni, ikajengeka bila kukohoa. Akasoma mistari michache iliyobaki mpaka mwisho, akafungua daftari. Kwenye safu ya aliyesoma akasaini, bila mkia safari hii, na chini yake mama akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizosimama moja moja. Ikabaki safu ya mwisho, mabadiliko na sababu yake.

Jumatatu Shangazi alilifungua daftari juu ya meza yake, akashusha kidole mpaka chini. Iliandikwa: *Mstari wa 31,806 umetolewa. Sababu: nimeshampigia.*

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akauliza Jumamosi ijayo wanamsoma mgeni gani.